Zamu Iliyoliwa na Usingizi

Vijana, kila nikisema kwamba zamani za Wadachi kazi yangu ilikuwa mtupaji, mnacheka, mnadhani nilitupa takataka za sokoni. Nimeona afadhali niandike. Sikusoma sana. Herufi za Kiarabu nilizipata chuoni hapa hapa Rumonge na nikatoka kabla ya kumaliza, na hizi za Kizungu nilifundishwa na karani mmoja ambaye malipo yake yalikuwa samaki. Basi mkikuta neno limepinda, si uongo, ni mkono. Na jambo nisilo na hakika nalo nitasema kwamba sina hakika nalo.

Nilikuwa natupa simbi, yale makombe madogo ya kauri, katika nyumba ya kamari ya Mama Tausi.

Najua dini inasema nini juu ya kamari. Mwalimu wangu wa chuo, akiikaribia nyumba ile, alivuka akapita upande wa pili wa njia, na akinikuta mahali pengine aliitikia salamu yangu kwa sauti ndogo kuliko alivyowaitikia wengine. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Simwambii mtu acheze. Naeleza kazi ilivyokuwa.

Mama Tausi alikuwa mjane. Marehemu mume wake alitoka Ujiji na biashara ya chumvi, akamwachia nyumba ya udongo karibu na mchanga wanapoanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alianza kwa kuuza uji tu. Wavuvi walirudi asubuhi baada ya kukesha ziwani na mioto yao, wakamwaga ndagala mchangani, kisha wakakaa kungoja zikauke, maana ukienda kulala kunguru wanakula na jirani naye anakula. Katika kungoja walirusha simbi, na katika kurusha walipigana. Siku moja bakuli lake la uji lilivunjwa katika ugomvi wao. Akatoka nje na ngozi ya ng'ombe, akaitandika barazani, akasema:

"Nyinyi munapigana kwa sababu kila mutu anatupa mwenyewe. Kuanzia leo atatupa mutu asiyecheza. Na mutu wa kupigana atakunywa uji kwa mama yake."

Hivyo tu ndivyo ilivyoanza. Baadaye akaezeka upande mmoja kwa makuti ya michikichi, akaweka vigogo vya kukalia, na watu wakaja kutoka mpaka Gitaza, wengine kwa mguu, wengine kwa mtumbwi.

Mchezo wenyewe mtoto anauelewa. Simbi tano. Wachezaji wawili wanaweka mali yao juu ya ngozi: ndagala kavu, chumvi, kibuyu cha mawese, kitambaa, na baadaye hela za Wadachi zilipoenea. Mwenye zamu anasema kwa kinywa chake, "mdomo" au "mgongo". Mtupaji anarusha. Simbi nyingi zikifumbua mdomo juu, mdomo umeshinda. Nyingi zikilala kifudifudi, mgongo umeshinda. Ni tano ili pasiwe na sare.

Wageni walikatazwa. Watu wa misafara hawakucheza, hata wakilia. Mama Tausi alisema mgeni akishinda anaondoka na kitu, lakini mtu wa hapa akishinda kitu kiko hapa hapa, kesho utakirudia. Askari nao aliwakataa. "Nani atamwambia mutu mwenye bunduki kwamba ameshindwa? Wewe?" Hakuna aliyejitolea.

Aliyenifundisha ni Mzee Feruzi, Mmanyema aliyekuwa mpagazi hadi goti lake lilipokufa. Alikuwa mtupaji wa kwanza. Maneno yake mengi nimeyasahau, haya sikuyasahau. Kunja mikono ya kanzu mpaka juu ya viwiko. Usile na mchezaji, hata embe. Usiwatazame watu usoni simbi zikiwa hewani, tazama vidole vyao, maana uso unaweza kutulia na vidole vikasema. Kila asubuhi zitie simbi ndani ya maji, moja moja: ile inayozama kwa haraka imetiwa risasi au utomvu. Na ngozi uilowanishe kabla ya jua kupanda.

Hilo la ngozi nililidharau. Siku moja nilichelewa, nikaitandika kavu. Jua likaikunja upande mmoja kama jani la mgomba, na simbi zikawa zinateleza kwenda upande ule ule na kulala kifudifudi. Waliosema mgongo wakashinda, wakashinda, hadi watu wote wakasema mgongo na pasiwe na wa kubishana naye. Mzee Feruzi alikuwa amekaa pembeni anatafuna karanga.

"Umeiona ajabu hii, Ramazani?" akaniuliza.

"Naiona, Mzee. Labda ni bahati ya leo."

"Bahati inakaa upande wa kushoto wa ngozi? Lete maji, punguani."

Alinifundisha pia jambo moja ambalo sikupenda kulijua. Ukizishika simbi kwa namna fulani, kati ya kidole gumba na cha pili, ukazitelezesha badala ya kuzirusha, simbi zinalala jinsi ulivyozilaza mkononi. Kwa macho ya mtu aliyekaa mbele yako zimerushwa. Nilimwambia, "Mzee, hii ni wizi." Akasema, "Ndiyo. Sasa ukiiona kwenye mkono wa mwingine utaijua. Kwenye mkono wako isiingie." Nilijifunza vizuri kuliko nilivyotaka.

Sasa ile sheria ya usingizi.

Mjue wachezaji wetu walikuwa watu waliokesha. Mtu amevuta wavu usiku kucha, jua la asubuhi linampiga kisogoni, uji uko tumboni. Atasinzia. Zamani waliokuwa macho walimngoja aamke na mchezo ukalala pamoja naye. Mama Tausi akaweka sheria: mwenye zamu akisinzia hali mali yake iko juu ya ngozi, mwenzake anamgusa bega, anasema "Lala salama, ndugu," na mali inakuwa yake. Tuliita zamu iliyoliwa na usingizi. Watu walicheka mpaka machozi. Aliyeshindwa naye akiamka alicheka, maana kesho angemlia mwenzake vivyo hivyo. Ilikuwa sheria nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: kwa watu wazima wa afya, ilikuwa sheria nzuri.

Mpozenzi alikuwa mvuvi wa kwetu, mtu mrefu, mpole, mwenye mtumbwi wa mti mmoja aliochonga na baba yake. Alicheza kidogo, akashindwa kidogo, akaenda zake. Kisha mwaka mmoja akaanza kubadilika. Alikasirika bila sababu. Aliweka mali nyingi kuliko ilivyokuwa kawaida yake. Na alisinzia. Alisinzia akiwa anaongea, kijiko cha uji kiko njiani. Wenzake wakamwita Bwana Mto, mto wa kulalia. "Bwana Mto amefika! Mpeni kigogo chenye kuegemea!" Walikuwa wanapigania kucheza naye.

Malale tulikuwa tumeyasikia. Tulisikia kwamba yako Kongo, yako Nyanza-Lac, yako kwa watu wengine. Daktari wa Wadachi alikuwa amepita mara moja akipapasa shingo za watu akitafuta tezi, na waliopatikana walipelekwa kambi ya wagonjwa iliyokuwa upande wa Usumbura, wakachomwe sindano. Wapo waliorudi wazima, nami niliwaona kwa macho yangu. Wapo waliorudi vipofu. Na wapo ambao hawakurudi. Kwa hiyo watu walipomsikia daktari anakuja walijificha kwenye matete, mle mle walimo wale inzi wanaoleta ugonjwa. Hatukujua. Lakini kule kusinzia kwa Mpozenzi pale kwetu hakuna aliyekuita malale, kwa sababu kwetu kusinzia kulikuwa na jina lake tayari, na jina lenyewe lilikuwa la kuchekesha.

Siku ile alicheza na Sefu. Sefu alikuwa akinunua mawese vijijini na kuyauza hapa, mtu wa hesabu safi, hakupenda utani mwingi. Mpozenzi alishindwa ndagala zake zote, kisha akasema:

"Naweka mutumbwi."

Sefu akasema, "Hapana, Mpozenzi. Nenda kapumzike."

"Unaniogopa?"

"Sikuogopi. Mutumbwi ni kula ya watoto."

"Ni watoto wangu ama ni wako? Weka mitungi yako ya mawese au useme mbele ya watu kwamba unaniogopa."

Nimeyaandika haya yote ili msije mkasema Sefu alimvizia. Hakumvizia. Mama Tausi naye hakukataza. Hakukuwa na sheria ya kukataza chombo cha kazi, ingawa najua alikunja uso. Sefu akaweka mawese. Zamu ilikuwa ya Mpozenzi. Nikamuuliza, "Mdomo au mgongo?" Hakujibu. Kidevu kilikuwa kifuani. Nikamuuliza tena. Sefu akangoja, akangoja sana, watu wakaanza kumpigia kelele: "Sheria! Sheria!" Basi akanyoosha mkono, akamgusa bega.

"Lala salama, ndugu."

Wakacheka. Hakuamka hata kwa kicheko kile, na hapo nafikiri wachache waliacha kucheka kabla ya wengine.

Kesho yake alikuja mke wake, Nyambere. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake imeiva kwa kukaanga mawese. Alisimama kwenye ukingo wa ngozi bila kuikanyaga.

"Amahoro, Mama Tausi."

"Amahoro, mwanangu. Kaa."

"Sikai. Bwana wangu iko analala. Nyumbani analala akila, analala akijisaidia. Ni malale. Nalisema hapa mbele ya watu wote, ni malale."

Watu wa kigogo kizima walisogea nyuma. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Usilitaje hapa."

"Nitalitaja. Nataka kumupeleka kwa daktari kule kambini. Kumubeba kwa njia ya miguu hakuna mutu anakubali, wote wanaogopa, nami siwezi peke yangu. Mutumbwi ndiyo miguu yake. Kaka yangu atapiga kasia. Munipe mutumbwi."

Sefu alikuwapo. Akasema polepole, "Shemeji, sikuiba. Nilishinda kwa sheria ya hapa."

"Ulishinda nani?" Nyambere akamgeukia. "Mpozenzi hakuwa hapa. Mulicheza na mwili wake. Unaweza kumushinda mutu asiyekuwapo?"

Nilielewa kilichomkwaza Mama Tausi. Akimrudishia Nyambere, kila mtu aliyewahi kuliwa na usingizi angeweza kuja kudai chake, na neno la nyumba lingekufa. Asipomrudishia, anakula mali ya mgonjwa. Alimtazama Mzee Feruzi, na mzee akatazama karanga zake.

Ni Sefu aliyetoa shauri. Alisema, "Mimi sitaki kuchukua kwa mutu aliyelala. Lakini sitaki pia kupoteza haki yangu bure, maana nami naliweka mawese yangu. Aletwe. Akiwa macho, tutupe tena, kutupa kumoja. Akishinda, achukue mutumbwi na mawese. Akishindwa, ameshindwa yeye mwenyewe."

Nyambere alifikiri. "Asubuhi nikimuosha na maji ya ziwa, anaamuka kidogo. Nitamuleta wakati ule."

"Na sheria ya usingizi imeisha," akasema Mama Tausi. "Leo. Mwenye kudai chake aje na yeye."

Hakuna aliyekuja. Mkumbuke hilo. Watu wengi walikuwa wameliwa na usingizi katika nyumba ile, lakini kuja kudai ilikuwa ni kusema, mimi pia nina malale, niandikeni kwa daktari.

Usiku wa kuamkia asubuhi ile mimi sikulala vizuri, na sababu mmeshaijua. Vidole vyangu vilikuwa vinajua kuzilaza simbi. Mpozenzi akisema mdomo, zingekuwa mdomo. Akisema mgongo, mgongo. Pasingekuwa na mtu wa kuona, isipokuwa Mzee Feruzi, na mzee, nilidhani, angenyamaza. Sefu alikuwa na mali. Asingekufa kwa kukosa mtumbwi mmoja. Lakini Sefu ndiye aliyekubali kutupa tena wakati hakuna wa kumlazimisha. Alikubali kwa kuamini mkono wangu. Niligeuka upande huu na upande ule, na sikupata jibu hata moja lililokaa.

Wakamleta. Nyambere alimshika upande mmoja na kaka yake upande mwingine, nywele zake bado zinatiririka maji. Ngozi nilikuwa nimeilowanisha. Simbi nilikuwa nimezipitisha majini mbele ya watu. Mpozenzi akaketi. Macho yake yalikuwa mekundu lakini yalikuwa na mtu ndani.

"Unajua uko wapi?" Mama Tausi akamuuliza.

"Kwa Mama Tausi. Uji wako hauna chumvi, tangu zamani."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kuogopa.

"Unajua tunatupa nini?"

Akamtazama Sefu, kisha akatazama mitungi, kisha akatazama ziwani ulipofungwa mtumbwi. "Najua."

Nikamuuliza: "Mdomo au mgongo?"

Alifunga macho. Nyambere akashtuka. Lakini Mpozenzi alikuwa anafikiri tu. Akafungua. "Mgongo."

Nilikuwa na simbi mkononi. Nilizisikia kila moja, mgongo wake laini na meno ya mdomo wake. Kidole gumba kilikwenda mahali pake chenyewe. Kisha nikafungua kiganja, nikazirusha juu kabisa, juu kuliko desturi, ili hata mimi nisiwe na la kufanya.

Mdomo tatu. Mgongo mbili.

Nikalitangaza. Ni kazi yangu kulitangaza. Sefu alikaa kama aliyeshindwa yeye.

Mpozenzi ndiye aliyesema kwanza. Aliinama juu ya ngozi, akazihesabu simbi kwa kidole, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. "Sawa. Chukua, Sefu. Uko wako. Lakini uangalie upande wa kushoto, karibu na mahali pa kukaa, iko na ufa. Maji yanaingia kidogo kidogo. Usiweke lami tu. Weka nyuzi za mugomba kwanza, ndiyo lami inashika."

"Nimesikia, ndugu yangu," Sefu akasema.

Nyambere alikuwa hajalia siku zote zile, akalia hapo. Halafu alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alinigeukia mimi, akasema, "Murakoze." Sijui alinishukuru kwa nini. Labda kwa kumfanya mume wake akae pale asubuhi moja akiwa mtu mzima, akashindwa kwa kinywa chake mwenyewe na akamfundisha mwingine kuziba ufa. Labda ni adabu tu. Nimelifikiria neno lile miaka mingi kuliko nilivyofikiria maneno ya waliowahi kunitukana.

Baada ya siku ile nyumba ilianza kufa. Haikufungwa na mtu. Wavuvi waliendelea kurudi asubuhi wakiwa wamekesha, lakini sasa nani angekubali kukaa barazani macho yakiwa mazito? Mtu akipepesa tu, mwenzake anamtazama shingo. Walikuwa wanakuja wakiwa wamejinawa uso kwa maji baridi, wanacheza wima, wanaongea kwa nguvu ili waonekane wako macho, halafu wanakwenda upesi. Kisha hawakuja. Nilikaa na ngozi yangu iliyolowana mbele ya vigogo vitupu. Mzee Feruzi akasema, "Ramazani, usiimwagie maji tena. Itaoza bure." Baadaye ikatoka amri kwamba matete yakatwe na watu wahame pwani waende juu, mbali na inzi. Amri ile iliumiza wengi, na nadhani pia iliokoa wengi. Yote mawili niliyaona. Mama Tausi alihamia juu akarudia kuuza uji. Ulikuwa bado hauna chumvi.

Mnaniuliza kama ilifaa nizilaze simbi siku ile. Mnauliza kama wanaouliza jambo jepesi. Ningezilaza, Nyambere angebaki na mtumbwi, na Mpozenzi angekuwa ameshinda kwa mkono wangu, si kwa neno lake. Sikuzilaza, na wanawe walikula kwa shida mwaka ule. Sijui. Nimekuwa mzee na bado sijui, na nawaambia hivyo ili mtu asije akawadanganya kwamba kutenda haki kunamwacha mtu na usingizi mtamu.

Lakini lililofuata asubuhi ile nalijua, maana nilisimama nikaliona. Sefu hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye mgomba wa Mama Tausi, akachana nyuzi, akapasha lami, akaziba ule ufa jinsi alivyoambiwa. Kisha akamwambia Nyambere, "Shemeji, panda. Mutumbwi ni wangu, nami naenda upande wa Usumbura." Hakuwa na biashara yoyote upande wa Usumbura. Kaka wa Nyambere akashika kasia la mbele, Sefu akashika la nyuma. Walimkalisha Mpozenzi katikati na blanketi. Niliusukuma mtumbwi mpaka maji yakanifika kiunoni.

Lami ilikuwa haijakauka, na maji yaliingia. Walipokuwa wanaivuka rasi ya mawe iliyo njia ya kuelekea Gitaza, bado nilimwona Mpozenzi. Hakuwa amelala. Alikuwa na kibuyu mkononi, anateka maji na kuyamwaga nje.

Kambini aliishi mpaka mvua zilipoanza.